Jiko la Kukunja: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimelitia jiko langu la kukunja katika mfuko wa pembeni wa shanta lako, pamoja na mtungi mmoja mdogo wa gesi, na kwa kuwa sitakuwapo mtakapoliwasha huko mlimani, nimeona nikuandikie namna ya kulitumia.

Fungua miguu yote mitatu uliweke jiko juu ya mwamba au udongo ulio tambarare, mbali na majani makavu. Kabla ya kuunga mpira wa gesi kwenye mtungi, itazame ile pete ndogo nyeusi iliyomo kwenye kiungio. Ikiwa imekauka au ina ufa, usiwashe. Hakikisha valvu imefungwa, kaza kwa mkono tu, kisha upake povu la sabuni kwenye maungio na ulitazame kwa makini, kwani gesi ikivuja utaona vipovu vikitutumka.

Katika baridi kali moto unaweza kufifia hata kama mtungi umejaa. Mitungi hii hutiwa gesi za aina mbalimbali: butani huacha kugeuka mvuke nyuzi joto zinapokaribia 0, ilhali isobutani huendelea hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hadi 42 chini ya sifuri. Ndiyo sababu nilikuchagulia mtungi wenye mchanganyiko wa propani. Usijaribu kamwe kuupasha mtungi kwa moto. Kumbuka pia kwamba kwenye mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo chakula huchelewa kuiva; funika sufuria, na mbebe vyakula vinavyoiva upesi.

Sasa nisikilize vizuri. Nilipokuwa na umri wako, mvua ilitunyeshea jioni nzima, nami nikaliingiza jiko ndani ya hema nikafunga zipu. Maji hayajachemka, kichwa kikaanza kuniuma, miguu ikalegea, na mwenzangu akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Bahati yetu alijigeuza akaifungua zipu ili atapike, hewa ikaingia. Ilikuwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua kwamba yuko hatarini. Hata leo nikikumbuka uso wa mwenzangu, moyo hunienda mbio. Mvua ikinyesha, mwanangu, kuleni chakula baridi mlale.

Mkimaliza kupika, funga valvu, uliache jiko lipoe kabisa ndipo ulikunje, kwa sababu miguu hubaki na moto muda mrefu baada ya mwali kuzimika. Mguu mmoja umepinda kidogo karibu na bawaba. Uusukume kwa ndani kwanza, nao utakunjika bila kukwama.

Akupendaye daima,
Mama