Wakijitoa chamani atakayefurahi ni yule aliyewatukana

Mhariri,

Niliisoma ile makala yenu ya michezo ya wiki iliyopita, ile iliyosema wachezaji weusi wa Ulaya wamevumilia vya kutosha na sasa wajitoe kwenye vyama vya wachezaji waunde chao peke yao, nikasema hapana hili sitaliacha lipite. Hapa kijiweni kwetu Area C watu wamegombana kwa hiyo makala mpaka muuza kahawa akatishia kufunga. Mi hasira ya mwandishi naielewa kabisa, ila dawa aliyoiandika ndo inanitia mashaka, na nina sababu zangu maana mambo ya vyama vya wafanyakazi nimeyafanya kwa miaka, mimi ni katibu wa tawi kazini kwetu hapa Dodoma.

Vijana wengi wanaobishana kuhusu hili wanadhani limeanza na Vinicius, yule Mbrazili wa Real Madrid. Lilipamba moto England mwaka 2012. Oktoba 2011 nahodha wa Chelsea, John Terry, alituhumiwa kumtolea maneno ya ubaguzi Anton Ferdinand wa QPR wakiwa uwanjani, na mwezi huohuo Luis Suarez wa Liverpool akatuhumiwa kwa Patrice Evra. Ya Suarez iliisha Desemba, mechi 8 nje na faini ya pauni 40,000. Ya Terry ikaenda mahakamani, chama cha mpira cha England kikakaa kinasubiri mahakama, mahakama ikamwachia Julai 2012, ndo chama kikaanza kusikiliza kesi yake chenyewe na Septemba kikamkuta na hatia, mechi 4 na pauni 220,000. Yaani karibu mwaka mzima kwa maneno yaliyoonekana kwenye televisheni! Halafu mechi 4, wakati Suarez kala 8. Hapo ndo watu wakachafukwa roho.

Oktoba hiyo ya 2012 wachezaji waliombwa wavae fulana za Kick It Out, kampeni ya kupinga ubaguzi, kabla ya mechi, na Rio Ferdinand kaka yake Anton, Joleon Lescott, Jason Roberts na wenzao wakagoma kuvaa. Ferguson, kocha wa Rio pale Manchester United, alikuwa ameshatangaza kwamba wachezaji wake wote watavaa, Rio akatoka kupasha misuli bila fulana. Siku chache mbele mwanasheria mmoja, Peter Herbert, mwenyekiti wa umoja wa wanasheria weusi wa kule, akaibuka na wazo la chama cha wachezaji weusi. Wakati huo chama kikubwa cha wachezaji wa England, PFA, kilichoanzishwa tangu 1907, mwenyekiti wake alikuwa Clarke Carlisle ambaye ni mweusi, na zamani Garth Crooks aliwahi kukikalia kiti hichohicho, na Brendon Batson alikuwa naibu mtendaji mkuu miaka mingi. Kwahiyo mtu akisema kilikuwa chama cha wazungu peke yao anakosea, ingawa mkubwa wao wa shughuli zote, Gordon Taylor, alikuwa mzungu na alikaa ofisini muda mrefu kuliko marais wengi.

Sasa hoja ya mwandishi wenu, na ndo hoja nzito kuliko zote alizotoa, ni hii: PFA ingewezaje kumtetea Anton wakati Terry naye ni mwanachama analipa ada? Kijiweni hapo watu wote wakapiga makofi. Mi nikauliza swali moja tu. Ashley Cole angekaa upande gani?

Maana Ashley Cole, mweusi, mmoja wa mabeki bora wa kushoto waliowahi kutokea England, ndiye aliyetoa ushahidi upande wa Terry. Na kule Liverpool, Desemba 2011 wachezaji walipopasha wakiwa na fulana zenye picha ya Suarez kumuunga mkono, Glen Johnson alikuwemo na fulana yake kaivaa. Kwahiyo mngekuwa na chama cha weusi, Anton mwanachama, Cole mwanachama, na kesi ileile iko mezani. Mgongano wa maslahi mlioukimbia kwa PFA umeshawafuata mpaka huku, tena huku ni mbaya zaidi maana chama ni kidogo, wanachama wote wanajuana, na hela ya kukodi mawakili wawili tofauti haipo.

Na hili jambo la wanachama wawili kugombana mbona ni la kila siku. Kuna kipindi kazini kwetu mfanyakazi mmoja alimtolea mwenzake maneno ya kabila mbele ya watu, wakiwa kwenye foleni ya kusaini mahudhurio, akamwambia nyie Wagogo mmezoea kuombaomba ndo maana hata kazi mnafanya kama mnaomba. Wote wawili wanachama wangu. Aliyetukanwa akaja ofisini kwangu, macho mekundu, kadi ya chama kaishika mkononi anataka kuirudisha. Nilimwambia kaa nayo hiyo kadi kwanza. Tukampa yeye mwakilishi wa kumsimamia kwenye malalamiko, aliyetukana tukampa mwakilishi mwingine kutoka tawi jirani wa kuhakikisha tu taratibu zinafuatwa, na mimi nikajitoa kwenye kikao kwa sababu wote nawajua. Yule aliyetukana akala onyo la maandishi na akaomba radhi mbele ya walewale waliokuwepo kwenye foleni. Kadi ya yule aliyetukanwa ingerudishwa siku ile, mwajiri angemaliza lile suala kwa kusema nyie malizaneni wenyewe, na aliyetukana ndo angebaki na chama nyuma yake.

PFA walichokosea 2012, kwa macho yangu, ni kwamba walikaa kama wasuluhishi badala ya kusimama wazi na mwanachama aliyeumizwa. Hilo ni kosa la uongozi, na uongozi unabadilishwa kwa kura.

Halafu kuna suala la nguvu ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa sijui kwanini. Mwaka 2001 PFA waligombania fungu lao la hela ya televisheni, wakapiga kura ya mgomo, asilimia 99 ya waliopiga wakasema tunagoma. Ligi ilitikisika ikakaa mezani. Je, weusi peke yao wangegoma? Timu zingepanga wengine, na magazeti ya kule yangewala nyama kwamba hawana shukrani wanalipwa mamilioni wanalalamika. Leo weusi ni zaidi ya asilimia 40 ya wachezaji wa Ligi Kuu England, idadi hiyo ukiwa ndani ya chama unakiendesha, unachagua viongozi, unaamua fedha ziende wapi. Ukitoka nayo nje unakiachia wengine halafu unaenda kuanza kupanga chumba. Hata sheria yetu hapa, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inaruhusu wafanyakazi 20 tu waanzishe chama, rahisi kabisa, ila anayekaa na mwajiri kujadili mishahara na masharti ni chama chenye wanachama wengi zaidi ya nusu. Nyie wachache mtapewa cheti cha usajili mkitundike ukutani.

Ila nisieleweke vibaya. Sisemi wale jamaa walikosea kugoma zile fulana, waligoma vizuri sana! Kick It Out yenyewe ilikuwa inaishi kwa hela za chama cha mpira, ligi na PFA, sasa utamkemea vipi anayekulisha. Na UEFA, wasimamizi wa mpira wa Ulaya, ndo walikuwa kichekesho kabisa. Euro 2012 mashabiki wa Croatia walimfanyia ubaguzi Balotelli, mweusi wa Italia, nchi ikatozwa euro 80,000. Mashindano hayohayo Nicklas Bendtner wa Denmark alishusha bukta kidogo ikaonekana chupi yenye jina la kampuni ya kamari, akatozwa 100,000 na kufungiwa mechi. Chupi ilikuwa na bei kubwa kuliko utu wa mtu. Ukisoma hivyo ukiwa mweusi unacheza huko, lazima uwaze kuondoka.

Na lile tishio la kuondoka ndo lilifanya kazi, hapa namuunga mkono mwandishi. Tishio lilipotolewa tu PFA wakaibuka haraka na mpango wao wa mambo sita, humo wakataka kesi za ubaguzi ziharakishwe, adhabu zipande, na tusi la ubaguzi lihesabiwe kosa kubwa kwenye mkataba wa mchezaji, yaani la kufukuzisha kazi. Mei 2013 chama cha mpira kikapitisha kwamba tusi la ubaguzi ni mechi 5 kwa kiwango cha chini. Hakuna chama kipya kilichosajiliwa, Rio na Anton wenyewe walitoa tamko kwamba wako tayari kufanya kazi na vyombo vilivyopo ila wanataka vitendo. Tishio ukilitumia vizuri linakupa hivyo. Ukishaondoka kweli unatishia kwa kutumia nini tena?

Yule mwanasheria Herbert naye aliharibu kwa haraka zake. Mwishoni mwa Oktoba ileile ya 2012 Chelsea walimlalamikia refa Mark Clattenburg kwamba kamtolea mchezaji wao Mikel neno la ubaguzi, jamaa akawahi polisi kupeleka malalamiko, polisi wakaachana nayo, chama cha mpira kikamsafisha refa, na Mikel ndo akafungiwa mechi 3 kwa fujo za chumba cha marefa. Chama kikianzishwa na watu wanaokimbilia kila habari kabla haijaiva, kesi ya kweli ikija hakuna atakayewasikiliza.

Tukija kwa Vinicius ambaye ndo kila mtu anamtaja. Mei 2023 pale Mestalla, Valencia, alitukanwa na jukwaa, akalia, akaishia kupewa kadi nyekundu, kadi ambayo baadae ilifutwa. Juni 2024 mashabiki 3 wakahukumiwa miezi 8 jela, mara ya kwanza Hispania kwa matusi ya ubaguzi uwanjani. Kilichowafikisha hapo ni mahakama, kanda za video na ligi yenyewe kuingia kwenye kesi, baada ya kelele za dunia nzima. Chama kidogo cha weusi kingeongeza nini pale zaidi ya tamko? Chama kikubwa ndo kina uwezo wa kusema ikitokea tena timu zote mbili zinatoka, na waliotoka hawakatwi mshahara wala pointi. AC Milan walitoka na Kevin-Prince Boateng Januari 2013 dhidi ya Pro Patria, walitoka wote weusi kwa weupe, mechi ikavunjika, lakini ilikuwa ya kirafiki. Mechi ya pointi ni nani atathubutu kama hajui chama chake kitamlinda?

Huyu Samatta wetu alivyotua Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu England, akafunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi kule Bournemouth, na Septemba ashaenda Fenerbahce. Mchezaji mgeni wa namna hiyo, anayekaa nchi moja miezi michache, anahitaji chama chenye ofisi, wanasheria na jina ambalo klabu inaliogopa.

Nikirudi nyumbani, kuna jambo sipendi kulisema ila ngoja niliseme. Kwenye banda la kuangalia mpira huku Chang'ombe, buku mtu mmoja, benchi za mbao, straika mmoja wa Kiafrika wa timu ya Ulaya kakosa goli la wazi, jamaa nyuma yangu kapayuka "nyani huyo!" na banda zima likacheka. Weusi watupu. Hao hao kesho yake wanaposti Vinicius na moto wa hasira. Na kwenye ligi yetu klabu zinaruhusiwa wageni mpaka 12, wanakuja kutoka nchi za watu, hivi hao wakitukanwa kwa utaifa au rangi yao wanapeleka kwa nani?

Wachezaji wetu wana SPUTANZA, chama kipo, na kilio kikubwa cha hapa najua ni mishahara na mikataba, FIFA imeshazifungia klabu zetu kusajili mara kadhaa kwa madeni ya wachezaji. Ila nawaomba viongozi wa chama hicho, kabla msimu mpya haujaanza na kabla vijana wa Dodoma Jiji na wengine hawajasaini, wapeleke kwa TFF na bodi ya ligi kipengele kimoja cha kuingizwa kwenye mikataba yote: mchezaji akitoka uwanjani kwa sababu ya matusi ya rangi, kabila au taifa, baada ya kumtaarifu refa na kamisaa wa mechi, asikatwe senti wala kufungiwa mpaka kesi isikilizwe. Na mwandishi wenu akiandika tena namuomba atuambie hicho chama chake kipya kingempangia nani Anton, na kingemwambia nini Ashley Cole.

Ni mimi msomaji wenu,
Katibu wa tawi,
Area C, Dodoma