Gia Namba Tano na Tela la Kambi: Kwa Nini Giaboksi Yako Inalia

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja, mwenye kampuni ndogo ya safari za kitalii hapa Arusha, alirudi gerejini akiwa amekasirika, akisema kwamba tulimfungia beringi bandia, kwa kuwa giaboksi ya Land Cruiser tuliyoifumua miezi minne kabla ilikuwa imeanza tena kulia kwenye namba tano. Malalamiko ya aina hii hutufikia karibu kila msimu wa wageni unapokolea, na mara nyingi gari husika huwa linavuta tela la mahema, majiko na maji ya kambi. Hatukubishana naye. Tulimwomba akae, tukaishusha giaboksi na kuifungua mbele ya macho yake.

Meno ya gia namba tano yalikuwa yamegeuka rangi ya buluu, dalili ya chuma kilichopata moto kupita kiasi, na beringi ya nyuma ya leya shafti, yaani shafti ya chini inayopokea nguvu ya injini na kuipitisha kwenye gia, ilikuwa imechunika. Sumaku ya nati ya kumwagia oili ilikuwa imeota ndevu za unga wa chuma. Lakini gia nyingine zote zilikuwa safi, na beringi zilizobaki, tulizozinunua duka lile lile siku ile ile, hazikuwa na hata mkwaruzo. Dereva ndiye aliyetueleza kwamba ofisi ilimwagiza apachike namba tano mara tu anapoipita Kisongo, nje kidogo ya Arusha, asiitoe mpaka Makuyuni, ili kuokoa dizeli.

Katika giaboksi nyingi za gia tano za magari haya, namba nne ni ya moja kwa moja: shafti inayotoka kwenye klachi hushikana na shafti kuu, zikazunguka kama kitu kimoja, na meno ya gia hayabebi nguvu ya injini. Namba tano sivyo. Nguvu hushuka kwanza kwenye leya shafti, kisha hupanda tena kupitia jozi ya gia iliyoko nyuma, ili propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, izunguke kwa kasi kuliko injini yenyewe. Hiyo ni gia ya gari jepesi kwenye barabara tambarare. Tenki la lita 1,000 likijazwa, maji peke yake ni tani moja, na tela refu la turubai hukinga upepo, kwa hiyo mzigo upo hata pasipo na mlima, nao huangukia meno ya jozi hiyo na beringi ya nyuma. Dereva hukandamiza mafuta hadi chini, injini inakoroma, moshi mweusi unatoka, na dizeli aliyodhani anaiokoa inaungua bure.

Wapo pia wanaotuambia, "Badilisheni hiyo tano tu, beringi ziacheni." Mteja mmoja wa Karatu tulimkatalia, akaenda kufungiwa gia peke yake kwingine. Beringi iliyolegea iliiacha shafti icheze, gia mpya ikaliwa meno, vipande vikapasua kava, na hatimaye akanunua giaboksi nzima ya mtumba. Bei yetu, ambayo wengi huiita kubwa, ni ya kushusha giaboksi pamoja na transfa inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, kuosha kila kipande, kupima mchezo wa shafti na kuingiza beringi kwa presi badala ya nyundo. Kazi hiyo hatuiharakishi kwa ajili ya mtu yeyote.

Ukivuta tela lenye mzigo, tembea na namba nne. Tela likiwa tupu na barabara ikiwa tambarare, namba tano inaruhusiwa, mradi ukiongeza mafuta kidogo gari liitike; lisipoitika, rudi nne papo hapo. Ukifika Mto wa Mbu, kabla ya kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, shuka namba tatu mapema, na wakati wa kurudi teremka kwa gia hiyo hiyo ili breki zisipate moto.

Kila giaboksi tunayoifumua tunaomba irudishwe baada ya kilomita 1,000. Tunamwaga oili na kuikagua sumaku pamoja na mwenye gari, naye hulipia oili mpya tu.