Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka kwa Wanachama wa Kikundi Chetu cha Wakereza Peni za Mbao

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Naituma taarifa kwa maandishi kwa sababu mkutano mkuu umeshaahirishwa mara mbili kwa kukosa watu, na mwaka hauwezi kutusubiri.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mazoezi ya Jumamosi yameendelea, wapya wanne wamefundishwa kutoboa mbao na kugandisha tyubu za shaba zinazokaa ndani ya peni, Keko tumeenda kuokota mabaki ya mninga na mkongo kwa mafundi wa fanicha, peni zimeuzwa. Kwenye kung'arisha, kupaka supagluu kwa kitambaa cha pamba ni marufuku toka siku kilipotoa moshi mkononi mwa mwenzetu, ile gundi ikishika pamba inachemka, tunatumia tishu tu. Anayependa nta aendelee na nta yake.

Sasa ile mashine ya kuvuta vumbi tuliyoinunua, maana maneno yamekuwa mengi na mengine nimeyasikia kwa watu ambao hata sio wanachama.

Ni kweli hela ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mashine ya pili ya kukereza. Ni kweli pia katiba yetu inasema matumizi ya zaidi ya 500,000 yapite mkutano mkuu. Niliitisha mkutano, tukaja watu sita, na akidi ni kumi na sita. Nikaitisha tena, tukawa watano na mmoja aliondoka mapema. Ningefanyaje? Tukakaa kamati, mimi, katibu na mama mhazini, tukaamua, na sahihi zetu zipo.

Na sababu mnaijua waliokuwepo siku ile. Mzee wetu alikuwa anakereza mpingo toka asubuhi, mpingo mnaujua ulivyo mgumu, kipande chake ukikitupa kwenye maji kinazama, kwa hiyo kwenye msasa unakaa muda mrefu sana, namba 150, 240, 320 mpaka 600, na kadiri msasa unavyokuwa laini ndivyo vumbi linavyokuwa jembamba, mwisho hulioni tena hewani ila unalivuta. Saa saba mchana macho yake yalikuwa yamevimba, viganjani mpaka kwenye kiwiko vipele, alivyopenga kwenye leso ikatoka nyeusi kama wino. Ile leso niliiona mimi mwenyewe na sikulala vizuri usiku ule. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani toka 1995, na inayotajwa ni ya pua. Jamani, hii ni hobi. Mtu asiumwe kwa ajili ya peni.

Kuna wanaosema barakoa zingetosha. Barakoa tumenunua, zenye chujio, ila ukishaivua vumbi bado liko kwenye shati, na karakana iko uani kwa mtu, jiko la familia liko hatua kumi na watoto wanapita hapo. Kuhusu bei, muuzaji alianzia 1,200,000, nikaenda Kariakoo mara tatu kwa nauli yangu mpaka ikashuka 950,000. Nauli sijaidai na sitaidai.

Hesabu: salio la mwaka jana 640,000, ada 720,000, mauzo ya peni 385,000, jumla 1,745,000. Yaliyotoka: mashine 950,000, barakoa na chujio 140,000, umeme 210,000, msasa na gundi 165,000. Imebaki 280,000, risiti zote anazo mama mhazini.

Hapo kwenye ada sasa. Tuko 31, waliolipa 60,000 yao ni 12. Watu 19 hawajatoa hata shilingi, na wengine kati yao ndio waliopiga kelele sana kuhusu mashine. Nyote mngelipa, ingeingia 1,140,000 zaidi na leo tungekuwa tunazungumzia mashine ya pili badala ya kulaumiana. Inaniuma kusema hivi maana kikundi hiki nimekianza na watu watatu na drili moja ya kuazima, nakipenda. Kuja pia mje, Jumamosi nyingine tunakuwa wanne tu, mpya anakuja kujifunza anakuta kimya, wiki inayofuata harudi.

Mwakani Mungu akijalia tunatarajia kupata hiyo mashine ya pili, tutafute na meza ya Sabasaba, na kuna wazo la kufundisha vijana wa mtaani, tutaliongea.

Mwisho, mfuko wa mashine ya vumbi umejaa. Atakayewahi Jumamosi aumwage kabla hajawasha, nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa avae. Ufunguo uko kwa mama mhazini.

Mwenyekiti