Nani Amewawekea Hita Samaki wa Ziwani?

Kila mwaka ikiingia Juni, simu za wateja wangu hubadilika. Miezi mingine watu huulizia bei za tenki na aina za samaki walioingia. Juni mpaka Agosti ni malalamiko matupu. Wiki iliyopita dada mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, aliniandikia: "Kaka, umeniuzia samaki wagonjwa. Naomba hela yangu." Akatuma na picha ya gapi wanne, wale samaki wadogo wa mapambo, wamebana mapezi, miili imejaa punje nyeupe utadhani wamenyunyiziwa chumvi. Nilimuuzia sita. Wawili walikuwa wameshakufa.

Nilipomuuliza kama aliweka hita, kile kifaa cha umeme cha kupasha joto maji ya tenki, akanipa jibu ninalolisikia dukani karibu kila siku: "Ziwa si hilo hapo chini? Sato na furu wanaishi humo, nani amewawekea hita?"

Swali lake ni la haki, na naona nilijibu hapa mara moja kwa wote.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na penye kina kirefu linafika mita 80. Maji mengi kiasi hicho hayapoi kwa usiku mmoja. Muulize mvuvi yeyote wa Igombe anayesukuma mtumbwi alfajiri: akiingia majini anakuta vuguvugu, baridi iko huku nje kwenye upepo. Furu aliyeko chini kule hajui kama juu kumekuwa usiku.

Sasa tazama tenki lako. Tenki ninalouza zaidi ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Ukitoa mchanga na mawe, linabaki na lita kama 55 za maji. Sisi Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka mpaka nyuzi 16 au 15. Nyumba nyingi zetu za bati, hasa zile za milimani zisizo na silingbodi, mchana zinaoka na alfajiri zinaganda. Lita 55 zinafuata chumba kinavyokwenda.

Nilifika kwa yule dada saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Nikazamisha kipimajoto, nikakiacha dakika tano: nyuzi 19. Nikamwachia, nikamwomba asome tena saa tisa alasiri. Akanitumia picha: 27. Nyuzi nane kwa siku moja, kila siku, kwa wiki tatu. Hapo ndipo penye ugonjwa. Gapi akikaa kwenye nyuzi 22 bila kuyumba atakuwa mzima kuliko yule anayepandishwa na kushushwa hivyo. Kinga ya mwili inachoka, na kile kimelea cha madoa meupe kinapata mwanya.

Mtu ataniambia: kimelea chenyewe kimetoka wapi kama si dukani kwako? Nami sitakwepa. Samaki yeyote anaweza kukibeba, hata wa kwangu. Ndiyo maana kila mzigo mpya nauweka wiki mbili kwenye matenki ya nyuma, nyuzi 26, bila kuuza hata mmoja. Wateja hukasirika wakiwaona samaki wazuri pale halafu nawaambia bado. Hela ya samaki sikumrudishia dada, nasema wazi. Nilimfungia hita, nikapandisha joto taratibu, nyuzijoto moja kila baada ya saa kadhaa mpaka 29, nikaweka dawa na kuongeza pampu ya hewa. Wale wanne wanaogelea mpaka leo.

Pampu ya hewa ina sababu yake. Maji yakipata joto hewa ya oksijeni hupungua ndani yake, na kwa mwinuko huu wa Mwanza tayari tunaanza na kidogo kuliko watu wa Pwani. Ukipandisha joto bila mapovu utawaona samaki wamejipanga juu wakihema.

Tuje kwenye bei, maana hapo ndipo maneno yanapoanzia. Hita ya wati 50 naiuza 35,000, kuifunga 15,000. "Kuchomeka waya tu elfu kumi na tano?" Ningechomeka tu ningefanya bure. Hita ya kioo nailaza karibu na maji yanayotoka kwenye filta, ili joto litembee tenki zima. Naizamisha kupita ule mstari wa chini kabisa wa maji uliochorwa kwenye hita. Nasubiri nusu saa kioo chake kishike joto la maji, ndipo naweka umeme. Waya nauachia uning'inie chini kuliko soketi kisha upande, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni, lisifike kwenye umeme. Halafu narudi kesho yake alfajiri, kwa nauli yangu. Kile kigurudumu cha hita kikiandikwa 25, ndani ya maji unaweza kukuta 23 au 27, na hutajua mpaka upime. Naigeuza kidogo sana, nakaa, naangalia ile taa nyekundu ndogo izime yenyewe, nasoma kipimajoto tena. Siondoki mpaka izime mara mbili kwenye nyuzi ileile.

Umeme pia watu wanauogopa bure. Wati 50 ikiwaka saa kumi mfululizo ni nusu uniti.

Hasara naiona kwenye njia za mkato. Mwalimu mmoja wa Buhongwa aliona hita yangu ni ghali, akachukua ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo, akaitumbukiza kwenye tenki la lita 40. Koili ile ni wati 1,000. Kwa lita 40 inapandisha nyuzijoto moja kwa dakika zisizofika tatu, na haina themostati, yaani swichi ya kuizima yenyewe joto likifika. Alitaka iwake dakika kumi tu, akapitiwa na usingizi kwenye kochi. Aliniita saa nne usiku, nikakuta maji yanatoa mvuke na samaki wake mwekundu aina ya beta amepauka, amekakamaa. Pembeni amesimama mtoto wa miaka sita, na koili bado imo majini kwenye umeme. Kuhusu samaki sikumlaumu. Kuhusu mtoto nilimwambia maneno makali, na aliyapokea. Maji na koili tupu ya umeme ni kifo.

Wengine humwagia maji ya birika. Lita moja na nusu ya maji yaliyochemka inapandisha tenki la lita 50 nyuzi mbili na zaidi kwa dakika moja, na samaki aliyepitiwa na mkondo ule anaungua. Saa mbili baadaye maji yamepoa tena, yaani umewapa kuyumba kwingine juu ya kule kwa usiku.

Na wapo wanaonunua kubwa wakidhani wanaokoa: wati 300 kwa tenki la lita 30, "itakaa miaka." Themostati ya hita huchakaa, na ikichakaa mara nyingi hung'ang'ania kwenye kuwaka. Wati 50 ikikwama utaona joto linapanda polepole, utawahi. Wati 300 ikikwama usiku, asubuhi unakuta mchemsho. Kwa nyumba za hapa wati moja kwa lita inatosha kabisa.

Si kila anayekuja namuuzia. Mzee mmoja wa Pasiansi alikuja na hela mkononi akitaka hita ya samaki wa dhahabu. Nilimkatalia. Samaki wa dhahabu anapenda nyuzi 18 mpaka 22, joto la mchana la Mwanza tayari linamzidi. Nilimuuzia pampu ndogo ya hewa, kwa chini ya nusu ya bei aliyokuja nayo.

Umeme ukikatika, funika tenki kwa blanketi pande zote, acha nafasi juu ya hewa. Ukikatika usiku kucha, jaza maji ya moto kwenye chupa, funga kizibo vizuri, ielee, ibadilishe ikipoa. Chakula usiwape mpaka umeme urudi. Na siku ya kubadilisha maji chomoa hita kwanza, subiri robo saa, ndipo uteremshe maji. Mimi mwenyewe nimewahi kupasua moja kwa mteja kwa kuinyanyua ikiwa ya moto, nikamnunulia nyingine.

Kabla hujaja dukani, pima urefu, upana na kina cha tenki lako. Weka kipimajoto, soma saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwa siku mbili. Kama huna kipimajoto, cha kuazima kipo hapa, unakirudisha. Ukija na namba hizo nitakwambia hita ya wati ngapi, au kama huihitaji.