Klorini isiachwe, bali kemikali inazozalisha zipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hofu inayosikika mitaani hapa Dar es Salaam kila masika, maji ya bomba yanapotoka na harufu kali ya klorini na watu wakaambizana kuwa dawa hiyo inaleta saratani, heri kuchota kisimani.

Hofu hiyo si ya kubezwa. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Rotterdam, Uholanzi, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea iliyooza ndani ya maji huzaa kemikali zinazoitwa trihalomethani, ikiwamo klorofomu. Tafiti kadhaa zimehusisha kunywa maji yenye kemikali hizo kwa wingi, kwa miaka mingi, na saratani ya kibofu cha mkojo. Ndiyo maana Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 80 kwa lita, na Umoja wa Ulaya 100.

Hata hivyo, kukimbilia kisima kifupi kilichochimbwa jirani na choo ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Kipindupindu, ambacho jiji letu lilikiona mwaka 2015, huweza kuua kwa saa chache, na Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba uuaji wa vijidudu usilegezwe kwa sababu ya kuzikwepa kemikali hizi.

Tiba yake ipo mtamboni. Mto Ruvu unapoteremsha tope la masika, shabu ipewe muda wa kutosha kulishusha tope hilo, maji yachujwe, ndipo klorini itiwe. Kuimimina kwenye maji ghafi, yakiwa bado na uchafu wote wa mtoni, ndiko kunakozidisha klorofomu. Nyumbani, anayechemsha maji aiache sufuria bila kifuniko, kwani sehemu kubwa ya klorofomu hutoka na mvuke.

Trihalomethani huendelea kuongezeka maji yakiwa safarini kwenye mabomba, hivyo kipimo cha mtamboni pekee hakimwambii kitu mkazi wa mwisho wa laini. Naziomba mamlaka za maji zipime kwenye mabomba ya mbali kabisa, hasa miezi ya mvua, na kututangazia matokeo. Ankara tunaletewa kwa ujumbe wa simu kila mwezi. Tarakimu hiyo moja iandikwe humo humo, chini ya deni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtumiaji wa maji ya bomba,
Dar es Salaam