Tumesimama Wapi Kwenye Mshipa? Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikatamka kwamba mshipa wetu wa kwatzi, yaani ufa wa mwamba uliojaa jiwe gumu jeupe, una madini ya fedha ya kutosha. Leo nimekuja kueleza kwa nini kauli ile haikuwa na msingi, na kwa nini bado nawaomba tusiuache.

Kosa lilianzia kwenye sampuli. Sisi wa kamati tuliokota mawe yenye madoa meusi ya akantaiti, madini ya fedha na salfa ambayo kwa uzito ni fedha asilimia 87, tukayapeleka maabara. Majibu yakaja makubwa, tukashangilia. Kumbe tulikuwa tumepima jicho la mchaguaji. Safari hii tulichimba mitaro inayoukata mshipa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, tukachonga sampuli hatua kwa hatua, kwatzi nyeupe tupu pamoja na yenye madoa. Kati ya mifuko tukaingiza mawe tunayojua hayana fedha, ili kuijaribu na maabara yenyewe. Wastani ulishuka sana. Baadhi yenu mliniandikia mkitaka turudishe leseni, na uchungu wenu naufahamu, maana michango hii mmeitoa kwa kujinyima.

Waliochimba pale kabla yetu walitafuta dhahabu tu. Mashimo yao ni mafupi, yanakoma pale kwatzi inapoacha kuwa na kutu, na kando yake wamelundika vifusi vyenye weusi ule ule uliotuvutia sisi. Siwalaumu. Kule Nevada, Marekani, mwaka 1859, wachimbaji wa dhahabu wa Comstock walisumbuliwa na tope zito la rangi ya samawati iliyokoza lililoziba vifaa vyao vya kuoshea, wakawa wanalitupa. Lilipopimwa, thamani ya fedha iliyokuwamo ilizidi ya dhahabu zaidi ya mara tatu.

Sasa naomba utulivu kidogo, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Mshipa wetu umekaa ndani ya mwamba wa volkano, andesaiti, katika mpasuko ambao upande wake mmoja uliteleza kwenda chini. Maji ya moto yalipanda humo kwa vipindi vingi, kila kipindi kikaacha utando wake; ndiyo sababu kwatzi ina mistari kama pete za shina la mti. Maji hayo yalibeba fedha iliyoshikamana na kloridi, kemikali iliyomo pia kwenye chumvi. Yakiwa kina kirefu, uzito wa maji yaliyo juu yake huyazuia yasichemke hata yakizidi nyuzi joto 250 za selsiasi. Yakipanda hadi mahali shinikizo limepungua, huchemka. Gesi za kaboni na salfa hutoroka, kemia ya maji hubadilika kwa ghafla, na fedha haiwezi tena kubaki imeyeyuka.

Kwa hiyo fedha haikutandazwa sawasawa kutoka juu hadi chini. Hukaa katika ukanda wa kimo fulani, mara nyingi wa meta mia chache. Juu ya ukanda huo kwatzi huwa ya chembe ndogo na maskini wa fedha. Chini yake huanza kutawala risasi na zinki. Mwaka 1981 mjiolojia Larry Buchanan alichora mpangilio huu vizuri, na mchoro wake ndio tuliobandika ukutani mwaka mzima.

Tulirudi kwenye mitaro na swali moja tu: je, sisi tuko kimo gani? Kwatzi yetu ya juu ni ya chembe ndogo mno, karibu kama kioo. Ndani yake kuna vibapa vyembamba vilivyopishana, umbo la kalisaiti, madini ya chokaa, iliyoota maji yakichemka, kisha kwatzi ikachukua nafasi yake. Sampuli zina aseniki, antimoni na zebaki nyingi kuliko mwamba wa pembeni, nazo kwa kawaida hukusanyika juu ya ukanda wa fedha, lakini risasi na zinki ni haba. Mimi nazisoma dalili hizi hivi: tumesimama juu ya ukanda wa fedha, hatujaufikia. Vibapa vinathibitisha maji yalichemka. Havisemi fedha ilidondoka kina gani, wala kama ilikuwa nyingi. Hilo litajibiwa kwa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine.

Na si ndoto. Fresnillo, Meksiko, imechimbwa fedha tangu karne ya 16, lakini mshipa wa Santo Niño ulipatikana katika miaka ya 1970 tu, kwa kuwa haujitokezi juu ya ardhi hata kidogo. Tonopah, kule kule Nevada, ambako mtafuta madini Jim Butler aliokota mawe yake yenye fedha mwaka 1900, baadhi ya mishipa ilikuwa imefunikwa na miamba michanga ya volkano. Lakini msisahau kwamba mishipa mingi yenye dalili nzuri ilichorongwa ikakutwa tupu.

Hesabu za fedha za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Mashimo ya zamani yamezungushiwa uzio baada ya kijana wetu mmoja kuponea chupuchupu ukingoni. Naomba asiyetumwa asivuke uzio huo.

Kamati inapendekeza tundu mbili za kuchoronga. Mshipa umelalia mashariki, hivyo mashine itasimama upande huo na kuchoronga kimshazari kuelekea magharibi, iukate chini kabisa ya mitaro yetu. Tundu likiukata mshipa kwa mshazari, urefu utakaosomwa kwenye nguzo za mawe zinazotolewa na mashine utazidi unene wake halisi. Safari hii nitawatangazia unene halisi tu, hata ukiwa mdogo. Tundu zote mbili zikitoka tupu, kamati itawaletea pendekezo la kurudisha leseni.

Ramani, daftari la sampuli na majibu yote ya maabara, mazuri na mabaya, yako mezani. Yakagueni kabla ya kura ya mchana.