Barua ya wazi kwa Meya wetu huku Creuse, Ufaransa: njia yetu msiipe jina la maua

Shikamoo mzee wangu Meya,

Najua Kiswahili husomi ila mjukuu wako ana simu atakutafsiria, mimi nikikasirika Kifaransa chote kinanikimbia, na kwenye kikao cha baraza sisi wananchi tunaruhusiwa kukaa na kusikiliza tu, kuongea hapana. Kwahiyo namalizia hapa.

Nimeona ile ramani mliyobandika nje ya ofisi. Sawa, sheria ya 2022 inataka kila komuni, yaani kila eneo lenye meya wake, hata vijidogo kama chetu ambacho watu 200 hatufiki, kila njia iwe na jina na kila nyumba namba, ili ambulensi, zimamoto na mafundi wa faiba ya intaneti wasizunguke. Sina neno. Hata zile namba za mita nimeshazielewa, nyumba ikiwa mita 340 toka njia inapoanzia basi ni namba 340. Bibi ninayemhudumia kacheka mpaka kakohoa, njia nzima nyumba tatu halafu yeye namba 340!

Lakini Rue des Lilas, mzee? Hayo maua ya malilaki yako wapi? Huku ni matope tu na ng'ombe wekundu wa Limousin.

Wazee wote wanaiita njia ya waashi na wewe unajua, umezaliwa hapa. Bibi kanihadithia kuwa zamani ikifika mwezi wa tatu wanaume walikuwa wanabeba vifurushi vyao wanaondoka kwa miguu mpaka Paris kujenga majumba ya watu, wanarudi baridi ikiingia, mashamba wanabaki nayo wanawake. Nikamwambia kumbe na nyie mlikuwa watu wa kusubiri hela kutoka mbali, kama mama yangu Tanga anavyosubiri yangu. Akanishika mkono hakusema kitu.

Halafu mnasema jina jipya litasaidia watu kutupata, haya, yule wa gari la mkate mbona anatupata? Alhamisi akipiga honi pale kwenye msalaba wa mawe tunatoka na slipa zetu, anajua bibi anataka mkate ulioungua kidogo, na siku bibi asipotokea anazima gari anaenda kugonga mlango. Namba hajawahi kuuliza.

Mimi nakuheshimu sana, nasema kweli. Tarehe 11 Novemba ulivaa ule utepe wa rangi tatu mvua inanyesha ukasoma majina yote ya vijana wa vita ya 1914 yaliyochongwa kwenye jiwe, ukoo mmoja unarudi mara tatu, na kila jina watu wakaitikia "Mort pour la France", yaani kafa kwa ajili ya Ufaransa. Hukuruka hata moja, na tulikuwa tunatetemeka. Sasa wewe wa kutoruka majina ndio uje ufute hili?

Chemin des Maçons, yaani hiyo hiyo Njia ya Waashi, basi. Kibao ni kilekile, bei ileile.

Ijumaa nitakuja kwenye kikao kukaa nyuma kimya, na bibi kasema lazima nimlete. Ngazi za mbele hawezi na ule mkongojo wake, kwahiyo naomba mwambie sekretari atuachie wazi mlango wa pembeni, ule wa kwenye mapipa.

Mimi jirani yako, mita 410.